Gitari ya Chorale Yenye Iligeuka Raketi

Rafiki yangu, weye mwenye naweza kuachia ufunguo ya nyumba na kwenda ku misa bila kugeuka nyuma, ikala hapa karibu. Batoto ya siku hizi bananiuliza: "Mama Neema, kumbe ulikuwaka unatengeneza raketi ya ping-pong? Ile nayo ni kazi?" Ni kazi. Ilinilisha, ilinivalisha, na wakati ya vita ilinichekesha siku zenye tulikuwa tumesahau namna ya kucheka. Acha nikuelezee tangu mwanzo.

Siku ya kwanza nilifika ku atelier ya paroasi, nyumba ya kuchongea mbao, hapa Nyakasanza mu muji ya Bunia, nikiwaza banatafuta mutu ya kufagia vumbi ya mbao. Nilikuwa binti. Muchana nilikuwa nauzisha mandazi, mangaribi naenda ku masomo ya batu bakubwa. Chef d'atelier, mukubwa ya kazi, alikuwa muzee mufupi, penseli ku sikio hata siku ya Mungu. Hakuniangalia sura, aliniangalia mikono.

"Binti, unajua kubandika?"

"Kubandika nini, Chef?"

"Kitu yote. Mutu mwenye anajua kubandika anajua kungojea. Hawa vijana yangu, kole ya kubandikia haiyakauka, bo bameisha kutikisa. Ikala pale."

Nikaikala, na nikabakia pale myaka mingi.

Tulikuwa tunatengeneza mabenchi ya masomo, milango, na, Mungu aturehemu, masanduku ya maiti. Ku kona moja njo kulikuwa kazi ya raketi, juu Padri Mukubwa alikuwa ameweka meza ya ping-pong mu sale, ile chumba kubwa ya vijana. Alikuwa anasema: "Mukono yenye inashika raketi haina nafasi ya kushika kitu ingine." Ile kitu ingine hakuitaja jina. Siye wote tulikuwa tunaisikia ikilia ku milima.

Sasa sikiliza vizuri, juu ufundi iko hapa. Batu wengi banawaza raketi ni kauchu, ile ngozi laini ya juu. Kauchu ni nguo tu. Mwili ni muti, maana yake ile mbao ya ndani pamoja na mukono yake ya kushikia. Na haiko mbao moja. Ni mbao tano myembamba sana zenye kubandikwa moja juu ya ingine. Nyuzi ya moja inalala, nyuzi ya yenye kufuata inasimama, ili raketi isijipinde wakati ya mvua. Ya katikati inakuwa nyepesi. Ya inje njo inaamua tabia. Ukiweka inje mbao nguvu, mupira unaruka mbio, haukawie. Ukiweka laini, mupira unazama kidogo, unalala kidogo, kiisha unatoka ukizunguka.

Chef alikuwa anagonga muti na kidole karibu ya sikio. "Sauti ya juu, muti ya mbio. Sauti ya chini, huyu anasalimia mupira kwanza mbele ya kumufukuza." Ile masikio yake haikudanganyaka hata siku moja.

Lakini kwa batu ya kushambulia alikuwa na sheria moja tu. "Mushambuliaji ni mutu ya kupasua kuni. Na mutu ya kupasua kuni unamupatia nini? Shoka!" Basi kila mushambuliaji ya Bunia alikuwa anapewa muti ya libuyu, ile mbao nyekundu ya milango, nzito, na verni ya kungaa juu yake. Ukipita inje ya sale ya vijana, ungesema banajenga nyumba ndani. Benye kushinda balikuwa banashinda, benye kushindwa tulikuwa tunabaambia bakule vizuri bapate nguvu.

Kiisha vita ikaingia, muji ikagawanyika. Batu ya upande moja ya boulevard, ile barabara kubwa, hawakuvuka tena upande ingine. Siye tulikimbilia karibu ya uwanja wa ndege, penye askari ya amani balikuwa bameweka kambi, tukalala mu mahema. Chef alibeba musumeno, randa na chupa ya kole.

Bibi yake akamuuliza: "Na blanketi iko wapi?"

"Blanketi batatupatia. Kole, nani atatupatia?"

Yule mama alimununia mpaka siku blanketi ilifika.

Padri Mukubwa akatandika tripleksi, ile mbao pana myembamba, juu ya mapipa, akasema hii njo meza, mucheze. Miye nikapewa cheo: responsable ya materiel. Maana yake ni kuchunga mipira, kubandika kauchu yenye kubanduka, na kuangalia kila mutoto acheze na muti yenye kumufaa. Mutoto yangu ya kwanza alikuwa mu mugongo. Na zamu yangu ikifika, nilikuwa napikia batoto chakula ya muchana.

Pale njo nilimujua Dorika, binti mwembamba mwenye alitoka na mama yake ku njia ya Bogoro. Yule mama alikuwa haongee. Haiko kusema alizaliwa bubu, hapana. Sauti yake ilibakia kule batu yake balibakia. Ukimusalimia, anaitika na kichwa. Dorika njo alikuwa anaongea ya bo wawili, na alikuwa anaongea sana.

Habari ikafika: Masera Directrice, sista mukubwa ya internat, ile masomo ya kulala ya basichana, atapokea binti moja bila kulipa minerval, ile feza ya masomo, mpaka amalize. Atachukua mwenye atashinda mashindano ya ping-pong ya basichana ya muji muzima, upande yote mbili ya boulevard. Nafasi ilikuwa moja tu.

Dorika akakuja mbio. "Mama Neema, nikikosa ile nafasi, nitachotea batu maji mpaka nizeeke?"

"Omba Mungu, na ufanye mazoezi."

"Mungu namuomba kila siku, na ananisikia. Raketi njo haisikie."

Chef, kwa mapendo, akamutengenezea muti ya libuyu ya muzuri sana. Ungeweza kufungua nayo mulango bila ufunguo. Dorika akipiga, mupira unapita meza, unapita mutu, unaingia mu sufuria ya maharagi. Vijana bakacheka mpaka kuikala chini. "Dorika! Unacheza ao unafukuza ndege?" Chef akasema atazoea. Lakini mangaribi mukono ilikuwa inavimba, na mama yake alikuwa anamukanda na maji ya moto, kimya.

Siku moja ilikuwa zamu yangu ya kupika. Mutoto akalia mu mugongo, nikamupatia Dorika mwiko. "Nisaidie kusonga bugali kidogo."

Rafiki, umeisha kuangalia namna batu banasonga bugali? Basichana wengi banasonga na bega, mwili yote inainama, ungesema banasukuma motokari mu matope. Dorika, bega yake ilikuwa imelala. Kiungo ya mukono tu njo ilikuwa inafanya kazi. Mwiko unaingia chini, unanyanyua, unageuza, na ile bugali nzito inazunguka yenyewe, laini, kama mutoto ya usingizi mwenye banamugeuza ku kitanda. Nikaacha mutoto alie.

"Chef! Kuja uone bugali!"

"Imeiva?"

"Kuja tu!"

Akakuja, penseli ku sikio. Akaangalia. Akaangalia tena, akainama karibu ya moto mpaka moshi ikamutoa machozi.

"Huyu haiko mupasuaji ya kuni," akasema.

"Ni nani, Chef?"

"Ni mupishi." Kiisha akashika kichwa. "Ee Mungu yangu! Myaka hii yote nagawia bapishi mashoka!" Na akaanza kucheka, muzee mutu mukubwa, mpaka akashikilia nguzo ya hema.

Njo tulijua bashambuliaji bako ya namna mbili. Kuko mwenye kupiga: anasimama karibu ya meza, anatumia bega, anataka muti nguvu yenye kichwa nzito. Na kuko mwenye kunyanyua na kuzungusha: anataka muti laini, nyepesi, yenye kupinda kidogo na kurudi, na mukono ya kushikia myembamba juu, yenye kufunguka chini, ili kiungo igeuke bila kufungwa.

Miye nilijua mukono ya mutoto, Chef alijua mbao. Lakini mbao laini tutaitoa wapi? Mu kambi kila kipande ya muti ilikuwa imeisha kuingia chini ya sufuria. Chef akazunguka kambi na macho, na macho yake ikasimama ku hema ya chorale, ile kwaya ya paroasi. Kulikuwa gitari yenye shingo ilivunjika siku ya kukimbia. Maestro, mukubwa ya chorale, alikuwa ameitundika pale.

"Maestro, gitari yako imekufa," Chef akaanza.

"Imelala tu."

"Tumbo yake ni mbao nyepesi, imekauka vizuri. Nataka kuikata."

"Chef! Hii gitari imeimba Noeli yote ya paroasi! Weye ni mukristu kweli?"

Nikaingilia. "Maestro, ni masomo ya mutoto. Nafasi ni moja."

Akaitundua, akapangusa vumbi na shati yake. "Mukate. Lakini akishindwa, Chef, weye njo utaimba bass mu misa ya siku ya Mungu."

Batu bakapiga magoti kuomba Dorika ashinde, juu Chef akiimba ni mbuzi mu mvua.

Tukapasua gitari. Chef akakata, miye nikabandika, kole ile ya mwisho ku chupa, mawe juu. Dorika kila wakati iko pale. "Imekauka?" Hapana. "Na sasa?" Dorika, enda kuchota maji! Siku tuliitoa chini ya mawe, Chef akagonga: sauti ya chini, ndefu, tamu. Hatukupaka verni. Mupira ya kwanza ukapanda juu ya wavu, halafu ukashuka gafla, ukaruka pembeni. Kijana mwenye alikuwa ngambo akarudi nyuma. "Ee! Huu mupira umeona nyoka!"

Mashindano ilikuwa mu sale ya masomo karibu ya boulevard. Bazazi baliikala upande mbili, katikati nafasi wazi kama njia ya motokari. Mutoto ya huku akipata pointi, batu ya kule hawapige mikono. Masera Directrice alikuwa mbele, mikono juu ya magoti, uso haisomeke.

Mwisho, Dorika na Mado, binti ya upande ingine, mukubwa, bega ya kweli. Mu seti ya kwanza Mado akamupiga vibaya. Dorika akakuja kwangu.

"Mama Neema, yeye iko na shoka."

"Shoka inachokesha mwenye kuibeba. Weye songa bugali."

Akarudi. Akaanza kunyanyua mipira chini kabisa, pole, na Mado akigusa tu, mupira unapanda ku dari. Mara ingine, mara ingine. Mpaka Mado mwenyewe akasimama, akacheka: "Dorika, unatia nini mu huu mupira? Pilipili?" Na sale yote ikacheka, upande yote mbili, kwa mara moja. Hata Masera.

Mupira ya mwisho ukapanda, ukashuka, ukagusa meza, Mado akakata hewa. Dorika alikuwa ameshinda.

Siye tukaogopa kulia na furaha, juu ya ile upande ingine. Halafu nyuma kabisa, ku ukuta, mutu akapiga kigelegele. Ilianza na kukwaruza, kama mulango yenye haikufunguka siku mingi, kiisha ikafunguka yote. Nikageuka. Alikuwa mama ya Dorika.

Na unajua kwetu: kigelegele hawaiachake peke yake. Mama moja akianza, benye kuisikia bataitika, ni haya kubwa kuiacha ianguke. Mama ya Mado njo aliitika wa kwanza. Kiisha ba mama yote, huku na kule, na ile nafasi wazi ya katikati ikajaa batu.

Kiisha ya vita nilitumika ku masomo mingi, nikitafutia batoto raketi, chini ya Chef, kisha chini ya Président ya ligue ya ping-pong, bwana ya cravate ku shingo mwenye alishangaa siku nilimuambia mushambuliaji mupya apike kwanza. Hata vijana nilibapikisha, na bugali yao, Mungu abasamehe. Daktari njo alinisimamisha, juu kifua yangu ilikataa harufu ya kole. Dorika alimaliza masomo, leo iko mwalimu. Miye niko na chorale, jioni na bajukuu ya majirani, na ninashukuru Mungu: alinipa kazi ya kuangalia mikono ya batoto na kuitafutia muti.

Basi rafiki, usifungie habari hii mu nyumba yako. Kama unajua mwalimu, padri ao muzazi mwenye mutoto yake anashindwa na kila siku banamuambia ongeza nguvu, muelezee namna miye nimekuelezea. Na ukimuelezea, mufikishe mpaka ku kigelegele, usimukatie njiani.