Majani ya Mgbafor

Hebu mwone Mgbafor anavyoingia uani kwa mke mwenzake, Ugoye. Fimbo mkononi, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, uso mkavu. Tangu mbuzi wa Ugoye ale miche yake ya pilipili, miezi minane sasa, wajane hawa wawili hawasalimiani.

Miaka thelathini Mgbafor ndiye aliyetupondea majani ya oranjila, yale yenye ua la njano, akatufunga vidonda. Safari hii jembe limemkata yeye. Zahanati walimsafisha, wakampa vidonge; usaha ukakauka, lakini wiki ya sita hii kidonda hakijafunga. Na kwetu mganga hajichumii. Anayechuma ni mtu wa nyumba yake, tena njiani hafungui mdomo mpaka jani liguse kidonda. Akitamka neno moja tu, majani yanatupwa. Na katika nyumba yao kabakia nani? Ugoye.

"Umekuja kumpima mbuzi wangu uzito?" Ugoye akauliza.

"Nimekuja na mguu. Nichumie oranjila."

"Mimi? Si ulisema mdomo wangu haupumziki hata nikilala?"

"Nilisema, na bado nasema. Utaweza, hutaweza?"

Ugoye akamtazama, akakaza kitenge kiunoni, akatoka.

Oranjila inaota ng'ambo ya soko, na siku hiyo ilikuwa Nkwo, siku ya soko lenyewe. Nilikuwa nauza bamia nilipomwona akirudi, majani kayaficha kifuani yasipigwe jua.

"Ugoye, mama, karibu utafune kola!"

Akakaza mwendo.

"Loo! Siku hizi hatusalimii maskini?"

"Kameza ulimi huyo!"

"Afadhali," akadakia muuza chumvi. "Mgbafor akisikia, leo anachinja jogoo!"

Soko zima likaangua kicheko. Jibu nililiona limemfika menoni, shavu lilimcheza. Akauma mdomo, akapita. Nami nikaziacha bamia, nikamfuata.

Alipofika uani, Ugoye aliyaponda majani, akakamulia maji yake kidondani, kisha akalaza jani juu. Mgbafor akakunja uso, lakini mguu hakuuvuta.

Sasa Ugoye anayo ruhusa ya kusema. Mbuzi, miezi minane, soko zima, vyote vimemjaa mdomoni, na Mgbafor kamkazia macho, anamngoja.

Wewe mwenzangu unayenisoma, ungeanza na neno gani?