Gauni la Mtoto wa Dada

Pale Otonglo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, kando ya barabara ya Busia, Seline Ajwang alikuwa na kibanda cha mitumba ya watoto, na tangazo la biashara hiyo lilikuwa mwili wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, amekaribia hamsini, na gauni la msichana wa darasa la nane lilimkaa kana kwamba fundi alimpima. Basi alilivaa. Leo lenye kola nyeupe ya duara, kesho lenye mikono iliyofura kama mandazi, keshokutwa lenye marinda tele na utepe mpana wa kufungwa mgongoni. Soksi zake zilikuwa na lesi. Nywele alizibana kwa vibanio vya plastiki vya umbo la ndizi na nanasi. Wenzake sokoni walimwita Nyathi, yaani mtoto, naye aliitika bila kinyongo.

Watu walitaka sababu. Mteja mmoja, mwalimu, alimwambia kwa huruma kwamba pengine hakupata utoto wa kutosha. Seline alilifikiria jambo hilo kwa heshima, akajibu kwamba utoto alipata, na hata chenji alirudishiwa. Alipenda tu nguo zile. Akivaa utepe, alitembea vizuri zaidi. Lakini jambo jepesi namna hiyo halikubaliki upesi. Mwanamke mzima akionekana anafurahi, watu humtafutia kidonda.

Tena hakuwa peke yake, ila wenzake walijificha. Wanawake wazima walifika kibandani, wakashika gauni lenye marinda, wakasema, "Ni ya mtoto wa dada yangu." Kisha walisimama mbele ya kioo na kulishikilia kwenye mabega yao wenyewe, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtoto wa dada. Seline hakuwahi kuuliza mtoto huyo ana miaka mingapi. Aliuliza tu, "Urefu ni kama wako, ama amekupita kidogo?" Mteja alishusha pumzi, akajibu ni kama wake, na biashara ikaisha kwa amani.

Taabu ilikuwa ule utepe. Huwezi kujifunga mwenyewe mgongoni ukatoka na fundo la kipepeo linalosimama. Okello, mumewe, alikuwa fundi wa injini za mashua, na alifunga kama mtu anayefunga mashua usiku wa upepo. Siku moja ilibidi kisu kitumike. Aliyekuwa na mkono wa kazi hiyo ni binti yao, Valerie. Tangu akiwa shule ya msingi, kila asubuhi alisimama nyuma ya mama yake na kumfunga kabla hajabeba mkoba wake. Sasa Valerie alikuwa na kazi ya ofisi na chumba chake mjini, na kazi ya utepe ilimwangukia Awuor, mshona nguo wa kibanda jirani, aliyeifanya huku akilalamika.

Wiki moja kabla ya wakwe kuja, Valerie alifika kibandani na mfuko mkononi.

"Mama, Jumamosi watu wa kina Kinyua wanakuja."

"Wakaribie. Kuku wapo."

"Sio kuku. Ni wewe."

Kutoka mfukoni alitoa gauni la kitenge lenye mabega magumu, pamoja na kilemba chake.

"Vaa hii. Siku moja tu. Mama yake ana duka la mabati na misumari pale mjini, anavaa suti hata akipima saruji. Tangu nimjue hajawahi kuniambia neno, zuri ama baya. Ananiangalia tu. Akikukuta na hizo ndizi kichwani, atasema kijana wake anaoa kwa watu wa mchezo."

Seline alilipokea lile gauni. Halikumuudhi. Kilichomchoma ni kwamba binti yake alisema yote hayo akiwa ameangalia henga, kama anayechagua nguo.

"Siku moja tu," Seline alisema. "Nimekubali."

Siku ile ya Jumamosi, Awuor alikuja kusaidia kupika, akamkuta ameshavaa. Alimzunguka mara mbili.

"Nyathi, umekuwa kabati. Mtu akivuta mlango atatoa sahani."

"Nyamaza, ugeuze kuku."

Wageni walifika jua likiwa kali. Walikuwa wachache: Kinyua, wajomba zake wawili, na mama yake. Mama Kinyua alishuka garini akiwa amevaa koti refu, zito, lililofungwa vifungo hadi shingoni. Alipomwona Seline amesimama mlangoni na mabega yake ya kitenge, alisita hatua moja, kisha akaukunja uso na kusalimia kwa sauti ndogo.

Waliketi chini ya turubai uani. Mtu aliyeishi Kisumu miaka mingi kama yeye alijua joto la mchana wa huku, lakini Mama Kinyua alikataa kuvua koti. Kinyua alimwomba, akakataa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mzee Ouma, kaka yake Okello, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba, alishindwa kuendelea na maneno ya kukaribisha.

"Mama, hapa ni kwenu. Vua tu. Ningekuwa kondoo leo, hata manyoya ningevua."

"Niko sawa, Mzee. Asante."

Wajomba walitazamana. Jikoni, Valerie aliegemea ukuta.

"Huyu mama hatupendi sisi," alisema. "Mtu hakai na koti kwa nyumba anayotaka kukaa. Anangoja tu amalize soda aende. Mama, nimefanya nini?"

Seline alichukua birika la maji, beseni na taulo, akatoka kuwanawisha wageni mwenyewe.

Alipomfikia Mama Kinyua, yule mama alinyoosha mikono, na mikono ya koti ikavutika nyuma kidogo. Chini yake kulitokeza mkono wa gauni la njano wenye lesi, na kifungo cheupe kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Seline aliujua uzi ule. Asubuhi aliyoliuza gauni lile alikosa mweupe, akakishona kifungo kwa uliokuwepo, akamwomba mteja radhi. Aliinua macho akamtazama usoni. Alikuwa yule mteja wa gauni la njano, aliyesimama mbele ya kioo mpaka chai ya Seline ikapoa.

Aliendelea kumimina maji. Kisha akainama na kusema polepole, "Yule mtoto wa dada yako, lile gauni lilimtosha?"

Mama Kinyua aliuvuta mkono wa koti kwa vidole vinavyodondosha maji.

"Lilimtosha," alinong'ona. "Shida ni utepe. Hana mtu wa kumfungia."

"Twende nikuonyeshe mahali pa kujifuta uso," Seline alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

Chumbani, mlango ukiwa umerudishwa, koti lilivuliwa. Gauni lilikuwa limejikunja kwa jasho, na utepe ulining'inia pande mbili kama mikia ya ng'ombe.

"Kinyua alinionyesha picha yako kwa simu," Mama Kinyua alisema. "Nikasema, kumbe ni yule wa Otonglo. Nikafurahi sana. Nikajiambia leo nitavaa, mkwe huyu hatanicheka. Halafu nashuka kwa gari, nakukuta umevaa kama mke wa waziri."

"Hii nimevaa kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

"Wewe na suti zako za kupimia saruji."

Mama Kinyua alianza kucheka kwanza, bila sauti, akishikilia kitanda. Seline alifuata, na kilemba kikamtoka kichwani. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, Valerie akasimama pale na sahani ya tikiti maji, akiangalia mama wawili, mmoja wa njano, mwingine kilemba sakafuni.

Seline, aliyekuwa ametoa ahadi, alianza kuokota kilemba chake.

"Valerie," Mama Kinyua alisema, akamgeuzia mgongo. "Hebu nifunge hapa. Mama yako anajua nguo, lakini nasikia mkono ni wako. Kinyua ameniambia." Kisha, akiwa bado ameangalia ukuta, "Hizi siku zote sikukuambia neno kwa sababu nilikuogopa. Wewe ni mtu wa ofisi, umenyooka hivi. Nilijua ukinijua utacheka."

Valerie aliweka sahani chini. Alifunga ule utepe taratibu, akavuta masikio ya fundo yakasimama sawa. Halafu, bila kuambiwa, alifungua kabati na kutoa gauni la bluu lenye kola nyeupe.

"Geuka, Mama," alisema.

Seline aligeuka. Nyuma yake alizisikia zile pumzi za zamani, za mtoto anayewahi shule, na vidole vilivyokuwa havijasahau lolote. Valerie alikaza, akalegeza, akakaza tena. Kisha alichukua kibanio cha ndizi juu ya meza akakibana mwenyewe kwenye nywele za mama yake.

Walipotokea uani, wajomba waliacha kuzungumza. Mzee Ouma aliwatazama mmoja mmoja, akajisafisha koo.

"Okello, watoto wamefika. Watafutie soda yenye mrija."

Hata wajomba walicheka. Mama Kinyua alivuta kiti chake kutoka upande wa wageni, akakisogeza karibu na cha Seline, na mazungumzo ya siku ile yakaanza upya.

Okello alipopita na soda, alisimama nyuma ya mkewe kidogo.

"Nani amefunga?" aliuliza.

"Valerie."

"Nimeona," alisema, akaenda kumpa mjomba chupa yake.