Mkojo wa Tusekile Haukupimwa

Siku yangu ya kwanza kazini kama mwalimu wa riadha wa wilaya, kiwanja cha Kyela kilikuwa kimejaa maji. Afisa Utamaduni wa Wilaya, bosi wangu wa kwanza, alinikabidhi filimbi, kamba ya kupimia na saa ya mbio yenye kioo kilichopasuka, akaniambia nisubiri mvua ipungue. Alikuwa mgeni, ametokea Singida, hakujua kwamba mvua ya kwetu haina haraka. Nikawapeleka vijana barabara ya Itungi, iliyoinuliwa kidogo, tukapima mita mia nne kwa kamba huku wauza mchele wakitucheka: mama mzima na filimbi shingoni.

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mkimbiaji tulimfundisha kwanza kugawa pumzi, yaani asimalize nguvu mzunguko wa kwanza akabaki anaburuta miguu mzunguko wa mwisho. Viatu vya misumari tulivisikia tu. Ilipofika miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mitumba ikamwagika sokoni, mingine ikipitia mpakani Kasumulu, tukapata raba, ingawa kupata mbili zinazofanana ilikuwa bahati.

Na kampuni nazo zikaja. Mabango ya bia na sigara yakazunguka viwanja, na mshindi akawa anapewa kreti la bia hata kama ni mlokole kama mimi. Nataka vijana mkumbuke hilo kreti, kwa sababu wafadhili walewale waliolileta ndio waliotuletea na Mshauri wa Ufundi, mzungu mmoja mrefu, na mshauri huyo ndiye aliyetuletea kipimo cha bangi.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa mkoani, Mbeya, chini ya Katibu wa Riadha wa Mkoa. Tulikuwa na kambi ya mchujo, na washindi wangekwenda kukimbia nje ya nchi. Mwanafunzi wangu Tusekile, mke wa mkulima wa kakao kutoka Ipinda, alishinda mita elfu moja na mia tano kwa namna ambayo wa pili wake alikuwa bado yuko kona ya mwisho. Safari ilikuwa yake. Alikuwa ameshaniuliza kama huko waendako kuna baridi kama ya Tukuyu.

Mshauri akaitisha kikao, akaeleza utaratibu. Mkimbiaji anakojoa kwenye kikombe, mwanamke mwenzake akimwangalia. Mkojo unagawanywa katika chupa mbili, zinapigwa lakiri. Moja inapimwa, nyingine ni akiba kukiwa na ubishi. Sikuwa na neno. Dawa za kuongeza misuli ni wizi, zipimwe. Nikauliza tu nani atapimwa. Akasema wa Kyela, maana tuko mpakani na bangi inavuka mto Songwe. Pale kambini alikuwepo mtoto wa meneja wa shamba moja la chai, mzungu mwenzake, ambaye kila jioni alivuta nyuma ya bweni mpaka wapishi wakawa wanafunga madirisha. Jina lake halikutajwa.

"Bangi inaongeza mbio?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni suala la nidhamu," akasema. "Kwetu tunawajua watu wanaoivuta."

"Watu gani?"

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili, akatabasamu. "Unanielewa, mama."

Nilimwelewa sana. Katibu wa Mkoa alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nilikasirika siku ile, na hasira ile bado ninayo.

Chumba cha kupimia kilikuwa ofisi yenye mlango mmoja. Ili ufike chooni lazima upite mbele ya meza ya mashahidi wa kutia sahihi fomu. Shahidi wa upande wa Kyela alikuwa Bwana Afya mstaafu, mzee aliyeheshimika, na kumbe ni mdogo wake baba mkwe wa Tusekile. Vijana wa sasa mmelegeza, lakini kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Na mdogo wa mkwe ni mkwe vilevile.

Tulikuwa tumefika kizingitini, mimi nikiwa wa kumwangalia, mzee akakohoa ndani. Tusekile aliijua ile sauti. Akajifunika khanga kichwani, akageuka, akaenda kuchuchumaa nyuma ya ukuta. Niliolewa Unyakyusani, ningefanya hivyohivyo.

Mshauri akasema amekimbia. Kiswahili chake hakikufika kwenye mambo ya mkwe, nikamwomba Katibu amweleze mila yetu kwa Kiingereza. Katibu akaninong'oneza kwamba tutaonekana washamba, akabaki anajikuna kidevu. Aliyetuokoa, au aliyejaribu, alikuwa mzee mwenyewe. Alisimama, akavua kofia.

"Mwiteni mama yule apite," alisema. "Mimi natoka dirishani."

Na alitoka dirishani, na koti lake na umri wake wote, mimi nimemshika mkono. Nikakimbia kumwita Tusekile. Tuliporudi, Mshauri alikuwa anafunga mkoba wa chupa. Shahidi ameondoka, akasema, utaratibu umevunjika, na mkimbiaji amekataa kupimwa. Kwa sheria zao, kukataa ni sawa na kukutwa nayo. Tusekile alisimama pale na kikombe kitupu mkononi, akisema kwa Kiswahili safi kwamba yuko tayari. Mshauri akabeba mkoba wake, akatoka.

Alifungiwa miaka miwili. Redio ikatangaza kwamba mkimbiaji wa Kyela amekutwa na bangi. Kule Ipinda watu walikoma kumtuma mtoto kwake kuomba moto. Mtoto wa meneja alikwenda safari, akarudi na bukta mpya.

Mimi nilistaafu nikiwa mwalimu wa riadha, bila cheo zaidi, maana nilishaandikwa kuwa mbishi. Juzi nilikuwa sokoni Kyela na redio ndogo, tukasikia kwamba katika nchi za akina Mshauri sasa bangi inauzwa dukani kwa leseni, na wakubwa wa michezo wanabishana kama waiache kwenye orodha yao. Tusekile, ambaye ni bibi sasa, alikuwa anapima mchele. Aliweka kibaba chini. Nilidhani atatukana, na ningemsaidia.

"Mwalimu," akasema, "unawafahamu hao watu?"

Nikasema siwafahamu tena.

"Ukiwapata, waambie waje wanipime. Nipo hapahapa."

Akachukua kibaba, akaendelea na mteja wake.