Magego Yasiyo na Kosa

Magego yangu mawili ya upande wa kushoto yaling'olewa Garsen yakiwa mazima, meupe, hayana tundu wala ufa, na mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo moyo hunichemka. Watu huniambia, "Yaliyopita si ndwele, bibi, tugange yajayo." Yangu ni ndwele. Nikila nyama natafuna upande mmoja, na huo mmoja nao umechoka. Kwa hiyo nitalisema kama nilijuavyo, na atakayeona nimezidisha ukali, na aende akang'olewe yeye kwanza, kisha tuje tuzungumze.

Nilizaliwa Kau, nikaolewa Garsen, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani mwa duka la nguo pale njia panda, wauza ng'ombe wakisubiri basi la Malindi huku wakishonewa vikoi vilivyochanika. Tuliishi ua mmoja na mama yake, mjane, na mama mkwe wangu huyo alikuwa msukaji wa misala ya kuswalia. Sifa zake zilifika Kipini na Witu. Mtu akitaka msala wa kumpelekea shekhe, aliambiwa nenda Garsen kwa yule mama.

Mimi kusuka nilikujua tangu kwetu. Mama yangu alinifundisha kuchana miyaa, yaani majani ya mkoma, kuitia rangi, na kuushika ukili, ule utepe wa miyaa unaosukwa, kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike wakati mikono inasuka. Ndivyo wanavyofanya wanawake wengi. Basi siku ya kwanza nimekaa na mama mkwe kusuka, nikanyoosha mguu, nikabana ncha ya ukili, nikaanza. Alinipiga kofi la goti.

"We! Msala hausukwi kwa mguu! Mtu ataweka paji la uso hapo, amsujudie Mola wake, na wewe ushatia unyayo?"

Nikamwuliza, "Sasa nishike kwa nini, mama?"

Akafungua mdomo, akaubana ukili wake kwa meno, akauvuta kwa nguvu, akasema kwa mdomo uliojaa, "Hivi."

Nilitaka kumwuliza hao wanaoswali husimama juu ya msala kwa miguu ya nani. Sikuuliza. Nilikuwa mkaza mwana wa miezi miwili, na mkaza mwana wa miezi miwili haulizi. Nikauma ukili. Nikauuma kila siku, baada ya kazi za jikoni mpaka adhuhuri, na tena alasiri mpaka jua lishuke, upande wa kushoto, kwa sababu mkono wangu wa kulia ndio mwepesi. Niliuma hivyo miaka mitatu.

Mwaka wa tatu mume wangu akaniambia asubuhi moja, akinywa chai, "Mke wangu, usingizini unasaga meno. Kama mtu anasaga mahindi kwenye jiwe." Tulicheka. Mama mkwe hakucheka. Alisema mwenye kusaga meno ana minyoo, ndio wanaomtekenya tumboni. Akaninywesha haluli ya kuendesha tumbo. Siku nne nzima sikutoka uani, mbio kwenda na mbio kurudi, nikakonda kama ufito, na mnyoo sikumwona hata mmoja. Siku ya tano mume wangu akasema jana usiku nilisaga zaidi. Ningeacha kusaga vipi, na hasira niliyokuwa nayo?

Kisha yakaja maumivu. Yalianzia mbele ya sikio la kushoto, pale taya linapoanzia, yakapanda kwenye kipaji, yakashuka shingoni. Nikipiga mwayo taya hulia tak, na siku nyingine likikwama nusu, siwezi kufungua wala kufunga, nimekaa mdomo wazi kama kambare aliyetupwa ukingoni. Tonge la ugali nilikuwa nalikata vipande. Na nikwambie, mimi nilikuwa msichana mwenye meno. Siku ya harusi yangu wanawake waliyaimba. Nilikuwa navunja muwa kwa meno, nabandua ganda la dafu, nina thelathini na mawili kamili, sijaumwa jino tangu kuzaliwa. Ndiyo mali niliyotoka nayo kwetu.

Mama mkwe alitia mafuta ya uto ya moto sikioni. Haikufaa. Akanifukiza kwa majani, nimefunikwa blanketi na jua la Garsen linawaka nje! Haikufaa. Mwishowe akasema, "Hili ni gego. Twende kwa dresa."

Tulimwita dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, lakini udresa wake uliishia vitani Burma. Aliporudi alifungua chumba nyuma ya duka, ana kiti kimoja cha mbao, karai, chupa ya spiriti na koleo tatu zimepangwa juu ya gazeti. Hakuwa mtu mbaya. Ndilo linaloniudhi zaidi, maana angekuwa mbaya ningemlaani nikapoa. Aliniketisha, akaniambia nionyeshe linapouma. Nikaweka kidole mbele ya sikio.

"Sikio haling'olewi," akasema. "Nionyeshe jino."

"Jino haliumi. Panauma hapa."

"Mama, panauma hapo kwa sababu jino limeoza chini. Mzizi umepanda. Nionyeshe jino."

Nikamtazama mama mkwe. Akatikisa kichwa kuniambia nionyeshe. Basi nikaonyesha la mwisho, chini, kushoto, kama mtu anayetakiwa ataje mwizi na hamjui mwizi, akamtaja jirani. Mama mkwe alikishika kichwa changu, akakibana kifuani pake kwa mikono miwili. Sitaki kuieleza ile sauti ya jino kutoka. Lilipoanguka kwenye karai nililiona. Lilikuwa zima kabisa, mizizi miwili mizuri, safi. Dresa naye aliliona. Akamwaga maji juu yake upesi, akasema, "Uozo wake uko ndani."

Kidonda kilipona, maumivu yalibaki palepale. Yaani hayakusogea hata upana wa kidole. Baada ya mwezi mama mkwe akasema basi ni lile la pili yake, lililoachwa ndilo linaloleta. Nilikataa siku tatu. Siku ya nne taya lilikwama tangu asubuhi mpaka mchana, nikalia kwa uchungu, nikaenda. Gego la pili nalo likatoka zima. Safari hii dresa hakusema kitu juu ya kuoza. Alisema, "Kama haitaacha, njoo tutoe la juu."

Nilirudi nyumbani na kitambaa mdomoni, damu inanitoka, nikakaa kwenye kizingiti, na hapo ndipo nilipokuwa mtu mwingine. Nilihesabu kwa ulimi. Yamebaki thelathini. Nikaona wazi kabisa kwamba hawa watu wataning'oa moja moja mpaka niwe kibogoyo wa miaka ishirini na mbili, na taya langu litaendelea kuuma vilevile. Jioni mume wangu alipokuja nikamwambia, maneno yanapita kwenye pamba, "Nipeleke Mombasa kwa daktari wa meno, au nirudishe Kau kwa baba yangu. Chagua. Lakini la juu halitoki."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Mama anajua..."

"Mama anajua kusuka!"

Hakuwa amepata kunisikia nikisema hivyo. Mama mkwe alikuwa jikoni, alisikia, hakutoka. Mume wangu akasema mvua ikikatika na barabara ikikauka tutakwenda. Na alitimiza, hilo silikani. Tulivuka mto kwa kivuko, tukapanda basi, tukafikia kwa jamaa zake Mombasa.

Daktari alikuwa mzee wa Kihindi, mtaratibu, mikono inanukia sabuni. Sikumpa nafasi. Nilipoketi tu nikamwambia, "Jino sitoi!" Akasema, "Nani ametaka jino?" Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole viwili, kimoja mbele ya sikio hili na kimoja mbele ya hili. Fungua. Funga. Fungua tena taratibu. Taya likalia tak chini ya kidole chake.

"Hapa ndipo unapoumwa?"

Wallahi nilitokwa na machozi. Mtu wa kwanza kuweka mkono palipouma! Nikamwambia ndiyo, hapo, hapo hapo, tangu mwaka jana. Akaangalia meno kwa kioo kidogo, akaona yalivyolika na kuwa bapa kwa kusagwa, akafika kwenye pengo.

"Haya nani alitoa?"

Nikamweleza. Aliweka kioo chini. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Mama, mlango yako iko na bawaba bovu. Hii watu natoa mbao ya mlango. Mbao haina kosa."

Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nasuka. Akataka nimwonyeshe ninavyosuka, nikachukua mkanda wa mkoba wangu, nikauma kushoto, nikavuta. Aliruka. "Kila siku hivyo?" Kila siku, miaka mitatu. Akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama sakafu. Kisha akaniuliza kama kuna jambo linalonikasirisha, kwa sababu mwenye kulala na hasira huisaga usingizini.

"Mimi? Sina hasira hata kidogo," nikasema, nimeuma meno.

Mume wangu alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. "Daktari, huyu? Huyu hata akilala ni vita."

Nilimwudhikia, lakini nami nilicheka, na taya likaniuma. Daktari aliniambia niume nta laini, akamwaga plasta kwenye alama za meno yangu, akaniambia nirudi baada ya wiki. Niliporudi alinipa kigamba cha plastiki, kinakaa juu ya meno ya chini kama kiatu. Nikivae kila nikilala, mchana nikiweke ndani ya maji. Kitambaa cha moto asubuhi na jioni. Vyakula laini. Na kuuma ukili, marufuku mpaka kufa. Mume wangu akamwuliza je, mapengo yale hayawezi kutiwa meno ya bandia? Nikajibu kabla ya daktari. "Jino la pembe si dawa ya pengo." Na sikutia, mpaka leo.

Mwezi haukwisha, taya likaanza kufunguka. Nilikula tonge zima. Nililala, mume wangu akalala, na aliyekuwa hapati usingizi sasa ni hasira yangu peke yake. Kila nikiweka ulimi kwenye pengo naambiwa na ulimi: bure, bure. Mama mkwe hakuniuliza neno juu ya Mombasa. Alikuwa akikiona kigamba kwenye bilauri, anageuza uso.

Siku moja tumekaa uani, yeye anasuka, mimi nachana miyaa tu. Nikamwona anasita, anashika shavu. Akaubana ukili kwa meno ya mbele, maana magego hakuwa nayo. Alikuwa kibogoyo pande zote mbili nyuma, na sote nyumbani tulikuwa tukidhani ni uzee. Lakini uzee gani? Mwanawe mkubwa ndiye mume wangu, na mume wangu hakuwa amefika thelathini. Nikaweka miyaa chini. Kwetu mkaza mwana hamgusi mkwewe usoni. Nilisimama nyuma yake, nikaweka vidole vyangu mbele ya masikio yake, vilevile kama daktari.

"Fungua mdomo, mama."

Sijui kwa nini alitii. Alifungua, akafunga. Tak. Upande wa kulia na wa kushoto, kote kuwili, nilisikia kwenye vidole mifupa ikiruka.

"Panauma?"

"Panauma."

"Tangu lini?"

"Tangu sijamzaa mumeo."

"Na magego?"

"Waling'oa. Marehemu mama mkwe wangu alinipeleka. Yote manane."

"Maumivu yakaacha?"

Akauinamia ukili wake. Nilimzunguka, nikachuchumaa mbele yake nimtazame machoni. "Mama, yakaacha?"

"Hayakuacha."

"Basi ulijua. Ulipokishika kichwa changu kwa dresa, mara ya kwanza na mara ya pili, ulijua haitanifaa."

Alikuwa ameushika ukili kwa mikono miwili, anaupapasa tu. Akasema polepole, bila kunitazama, "Ningekwambia usiende, ningekuwa nasema yangu manane yalitoka bure."

Nilisimama nikaingia ndani. Nilimhurumia, sisemi sikumhurumia. Nilimpa hata kitambaa cha moto jioni ile, na kila jioni baadaye, nikamfundisha kufungua taya taratibu, akapata nafuu. Nimekaa naye miaka mingi, nikamwuguza mwenyewe alipoanguka. Siku zake za mwisho alinishika mkono, akaniomba radhi kwa magego yangu. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama, nenda salama," kwa sababu ndivyo anavyoambiwa mtu anayekufa. Sikumsamehe.