Vichupa Saba Kwenye Boksi la Onesphory

Onesphory ni Mrombo, na kabla hajawa tarishi wa zahanati yetu alikuwa wakala wa mizigo Mtaa wa Msimbazi kwa miaka kumi na saba. Maroba ya nguo, magodoro, majaba ya maji, vyote vilipita mikononi mwake kwenda Moshi. Sheria yake ilikuwa moja: gari haliondoki mpaka lijae. Mgongo ulipoanza kumsumbua akaja kwetu, na sheria yake akaja nayo. Sisi hatukujua.

Kazi yake ni kupeleka sampuli maabara, ng'ambo ya Jangwani. Daktari akimkata mtu kipande kidogo cha uvimbe, kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa, jina linabandikwa, Onesphory anabeba. Ni mtu mzuri, nisimseme vibaya. Hanywi, hachelewi kazini, na boksi lake la plastiki analifuta kila asubuhi.

Selina alikuja Alhamisi, mara ya tatu. Anauza khanga Kariakoo, ana watoto wawili, na alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Tulimwambia majibu ni siku kumi. Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na mbili.

"Sista Zulekha, kama ni mabaya niambie tu. Mnanificha?"

"Hatukufichi. Hayajarudi."

"Silali, sista. Juzi nimefunga duka, funguo nimeziacha zinaning'inia mlangoni."

Nikapiga simu maabara, nimejiandaa kugomba. Dada aliyepokea akatafuta, akatafuta tena. "Jina hilo hatuna. Nyie wiki tatu hizi hamjatuletea kitu."

Nikamwacha Selina kwenye benchi, nikaenda stoo. Boksi lilikuwa juu ya rafu, safi kabisa. Ndani mlikuwa na vichupa saba, na cha chini kilikuwa cha Selina.

"Onesphory, hivi vinafanya nini hapa?"

"Vinasubiri, sista. Boksi linachukua kumi na mbili, bado halijajaa. Haraka haraka haina baraka."

Nilitaka kumzaba kibao, nasema kweli. "Hiyo ni nyama ya mtu. Mwenyewe yuko pale nje, amekaa kwenye benchi."

Akachungulia nje, akarudi kusoma jina kwenye kichupa. "Hakuna aliyeniambia sampuli zina haraka," alisema.

Hapo ndipo aliponichoma, maana alisema kweli. Daftari la kusaini sampuli zinapotoka ni langu mimi, na kwa wiki tatu sikulifungua.

Ilikuwa saa nane na robo. Maabara hupokea sampuli mwisho saa tisa, na Ijumaa ilikuwa sikukuu. Tukichelewa, ni mpaka Jumatatu. Mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri na Jangwani maji yalishafunika barabara. Bodaboda wa kwanza akakataa. Wa pili akakubali kuzunguka kwa Daraja la Salenda. Onesphory akapanda na mgongo wake mbovu, boksi kifuani, ndani ya koti la mvua.

Nikaenda kukaa na Selina. Nilimwambia nusu ya ukweli, kwamba sampuli yake ilichelewa kutoka. Hakuniuliza nusu ya pili. Saa nane na dakika arobaini Onesphory akapiga simu: foleni Kinondoni haisogei. Dakika kumi baadaye akapiga tena: "Nimeshuka, nakimbia." Saa tisa ikafika, ikapita. Selina hakuwa anaangalia saa, alikuwa ananiangalia mimi, na sikujua nitazame wapi.

Saa tisa na dakika kumi simu ikaita. "Walishafunga dirisha, sista. Nimegonga mpaka wakafungua. Wamepokea zote saba." Alikuwa analia.

Siku hizi boksi linaondoka kila siku saa nne asubuhi, hata likiwa na kichupa kimoja. Lingeweza kuondoka hivyo tangu mwanzo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Majibu ya Selina yalirudi baada ya siku sita. Ilikuwa saratani. Dokta Benjamini, aliyemkata kile kipande, alimweleza kwamba imeshafika kwapani, ila upasuaji unawezekana na amempatia nafasi hospitali kubwa wiki inayofuata. Selina aliuliza swali moja tu.

"Hizo wiki tatu zingenisaidia?"

Dokta akasema hajui. Nilitamani angedanganya.

Alipotoka, Onesphory alikuwa anamsubiri mlangoni. Hakuna aliyemtuma.

"Shikamoo, baba," Selina alisema. Hakumjua.

"Marahaba. Dada Selina, sampuli yako niliiweka mimi. Nilikuwa nangoja boksi lijae."

Selina akamsogelea.

"Nikipona, yameisha," alisema. "Nisipopona, utakuja nyumbani mwenyewe, uwaeleze wanangu kama ulivyonieleza mimi."

"Nitakuja."

"Mkubwa anaitwa Angela. Ana miaka kumi na minne. Huyo ndiye atakayekuuliza maswali."