Mtu Aliyeficha Ng'ombe wa Kilima Cheupe

Mhoja Salu hakuwahi kumtajia mtu idadi ya ng'ombe wake. Hata mkewe Apolonia, aliyewakamua tangu alipoolewa, aliwajua wale waliolala zizini tu. Wengine walikuwa Lingeka kwa shemeji, wengine Kimali kwa rafiki yake wa ujana, na yeye naye alichanganya wa watu wengine kati ya wake. Ndivyo wazee wetu walivyoweka mali. Ukija ugonjwa au wakija wezi, hawawezi kumaliza kila kitu kwa mpigo. Lakini kwa Mhoja ilikuwa zaidi ya busara, ilikuwa imani.

Imani hiyo aliipata utotoni. Enzi za Mwingereza walikuja watu wa kuhesabu mifugo, wakasema nchi ya Wasukuma imezidiwa na kwato, kila mwenye zizi apeleke kadhaa mnadani kila mwaka. Baba yake alitaja hesabu ya kweli kwa sababu alikuwa mtu wa kanisa, na ng'ombe wake wakaondoka. Jirani aliyedanganya alibaki na wake wote, akaongeza na mke. "Ng'ombe aliyehesabiwa si wako tena," Mhoja alikuwa akisema, nasi tulicheka, na tulimwamini.

Nilikuwa jirani yake, mke wa katekista, na miji yetu ilitengwa na ua wa minyaa tu. Sitasema nilimpenda. Alikuwa mbishi, mkavu wa maneno, na akikusalimu ungedhani umemkosea. Ila msimu wa kodi ulipofika kijiji kizima kilimkimbilia. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa pamba wengi kuliko pamba yenyewe, majosho yamekauka kwa sababu serikali imejitoa, lakini kodi ya maendeleo ilibaki palepale na waliokuja kuidai walikuja na mgambo. Mhoja alijua ng'ombe wapitie wapi na wakae korongo gani, na jinsi ya kuburuza matawi ya miiba ili kwato zisionekane. Watoza kodi walifika wakakuta kuku.

Juu ya hayo, Mhoja ndiye aliyetunza ngitili ya Kilima Cheupe. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote, asiingie hata mbuzi, ili kiangazi nchi ikishakauka pawe na nyasi za kuwavusha ng'ombe. Mhoja akisema fungueni, tulifungua, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Kilima chenyewe kilikuwa cha mawe ya chokaa, na chini yake palikuwa na chemchemi ambayo haikukauka hata mwaka wa njaa. Lambo la kijiji lilipogeuka tope, sisi wanawake tuliteka pale. Bila kilima kile kijiji chetu kisingekuwepo, na nikisema hivyo sitii chumvi.

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, Sylvester, mtendaji wa kijiji, alitutangazia kwamba kampuni ya kutoka nje imeyaona mawe yetu yanafaa kwa saruji. Kabla ya kujenga kiwanda watakuja wataalamu wa mazingira, waone nani anatumia nini pale kilimani na kiwanda kitaharibu nini. Alieleza vizuri tu, simlaumu. Shida ni kwamba Sylvester huyohuyo ndiye aliyekusanya kodi, na mdomo unaokudai kodi leo hauwezi kesho ukakuuliza habari za malisho ukajibiwa ukweli.

Wanaume walikaa kwa Mhoja wakakubaliana. Sisi wanawake hatukuitwa, tuliletewa maagizo. Apolonia alinisimulia tukiwa kila mmoja upande wake wa minyaa.

"Tumeambiwa chemchemi hatuijui. Maji tunachota lamboni."

"Na wakiuliza ile njia ya kwenda kilimani kaitengeneza nani?"

"Nyani." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Felisita, nimemwambia huyu mzee, mficha uchi hazai. Kaniambia nikapike."

Alfajiri ya siku yenyewe ng'ombe wote walishapelekwa Lingeka. Njia zilifagiliwa kwa miiba hadi zikawa safi kuliko uwanja wa kanisa. Na kwa kuwa ilikuwa masika, ngitili ilikuwa imefungwa, nyasi zimefika kiunoni, hazijaguswa na jino. Utaratibu wetu mzuri wa kutunza malisho ndio uliousaidia uongo wetu.

Mtaalamu alikuwa bwana mmoja mpole mwenye miwani, jina lake Constantine. Alitusalimu "mwadila" kwa Kisukuma cha kujifunza, tukaitikia. Lakini alishuka kwenye gari la halmashauri, Sylvester kaketi mbele na mgambo wawili nyuma. Hata angekuwa malaika, kwa gari lile tungemwona mtoza kodi. Nilikuwa miongoni mwa wanawake walioitwa kuulizwa habari za maji, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Apolonia alitujibia sote, akiangalia chini, kwamba tunachota lamboni.

"Mzee, nyasi zote hizi, na hakuna anayechunga?" Constantine alimuuliza Mhoja tulipofika kilimani.

"Pana nyoka."

"Na maji haya?"

"Ya ndege."

Constantine alichuchumaa pale chemchemini kwa muda. Alipoinuka alizungumza polepole, kama mtu anayempa mgonjwa maelezo ya dawa.

"Baba, nisikilize. Mimi si mtu wa kodi. Nikiandika kwamba mnapatumia, kampuni italazimika kuwatafutia malisho mengine na maji mengine, au isijenge hapa kabisa. Nikiandika kwamba hampatumii, hawatawajibika kwenu kwa lolote. Mna ng'ombe au hamna?"

Mhoja alimtazama Sylvester, akawatazama mgambo, akarudisha macho kwa mgeni. "Sisi hapa tuna kuku, mwanangu, na mbuzi wachache. Hali ngumu."

Wanaume waliokuwa nyuma yake waliitikia kwa vichwa. Walijivunia mtu wao. Gari lilipoondoka walichinja beberu, na kila mmoja aliigiza jinsi Mhoja alivyosema "pana nyoka" mpaka wakachoka kucheka. Nami nililamba mchuzi wake, ulikuwa mtamu.

Pamba ilipokwisha kuvunwa tuliitwa ofisi ya kata tukasomewa majibu. Kilima hakitumiwi na binadamu wala mifugo. Chemchemi ni ndogo na haitegemewi na yeyote. Wenye mashamba ya mtama chini ya kilima walipwe fidia, mradi uendelee. Yote yaliyosomwa yalikuwa maneno yetu wenyewe, yamenyooshwa tu na kugongwa muhuri. Wapo waliopiga makofi, kwa sababu walisikia neno ajira.

Mhoja alielewa siku waya ulipofika. Ilikuwa kiangazi, majuma yaleyale ambayo angetamka ngitili ifunguliwe, na kampuni ikazungushia kilima uzio na kuweka walinzi. Ng'ombe walisimama nje ya waya wakinusa nyasi na maji, wakilia, na hakuna kilio kinachomkata Msukuma maini kama hicho. Mhoja alisimama nao hadi jua likachwa. Wanaume waliokuwa wakimwigiza walianza kupita mbali naye.

Alikwenda Bariadi, akarudi, akaenda tena, ofisi hii na ile. Katika mojawapo alisema maneno ambayo hayakuwahi kutoka kinywani mwake, kwamba alidanganya, kwamba ng'ombe wapo na ni wengi. Karani akamjibu kuwa wakishasikia fidia watu wote huwa na ng'ombe. Habari zikamfikia Constantine, naye akatuma neno kwamba atakuja kuona mwenyewe. Kwa hilo namheshimu hadi leo.

Ndipo Mhoja alipozunguka mji kwa mji akiwaomba wenye ng'ombe wawarudishe kutoka Lingeka, Kimali na popote walipo, wakusanyike mbele ya kilima. Sikuwahi kumsikia akiomba. "Waleteni waonekane," alisema. "Wasipoonekana hawapo." Wengine walikataa, wakamwambia amepagawa. Wengi walikubali kwa sababu kiu ya ng'ombe ilishawashinda.

Siku Constantine alipokuja, ng'ombe walishuka asubuhi nzima, vumbi jeupe limefunika jua. Apolonia aliwaona ng'ombe wa mumewe wote mahali pamoja kwa mara ya kwanza maishani mwake, akashika mdomo. Mhoja aliingia katikati yao na fimbo yake, akawa anagusa mmoja baada ya mwingine, anataja huyu wa nani, huyu wa nani, na anahesabu kwa sauti ili Constantine asikie. Jasho lilimtiririka. Nilimwonea haya na huruma kwa pamoja, maana ilikuwa kama kumwona mzee akivuliwa nguo hadharani, na anayemvua ni yeye mwenyewe.

"Nakuamini, baba," Constantine alimwambia walipomaliza. "Hata siku ile sikuamini mlichosema. Njia ya chemchemi ilikuwa imeshindiliwa na nyayo za watu. Lakini niliandika mlichosema, kwa sababu ninyi ndio wenye mahali."

"Sasa andika hiki."

"Nitaandika. Kama watakisoma, sijui."

Walikisoma. Kampuni ikajibu kuwa wanakijiji wameingiza mifugo baada ya tathmini ili wajipatie fidia, na majibu ya kwanza yakabaki yaleyale. Constantine hatukumwona tena. Lakini ile hesabu haikupotea. Ilifika halmashauri, na halmashauri ikaona ajabu kwamba kijiji kisicho na malisho kina ng'ombe wote hao. Amri ikatoka wapunguzwe au wahamishwe kabla ya masika. Sylvester aliileta mwenyewe, na hakuonekana kuifurahia.

"Mzee, utanisamehe. Hesabu wameitoa kwako."

Mhoja alimpa kigoda akae, akaingia ndani.

Baruti zilianza mwezi uliofuata. Chemchemi ilitoa maji ya rangi ya maziwa, kisha tope, kisha ikaacha. Ng'ombe walikufa kandokando ya lambo, na waliobaki vijana wa Mhoja waliwaswaga kwenda Rukwa, ambako walisikia kuna nafasi. Kija, mkubwa wao, alimsihi baba yake waende wote. Mhoja akasema yeye ataondoka ngitili ikifunguliwa. Sijui kama alitania. Vijana walituma salamu mara moja, basi.

Sisi tulianza kuchota lamboni kweli, tukishirikiana na mizoga. Mwaka huo homa ya matumbo iliingia kila mji. Apolonia aliugua wiki chache tu, akafa. Nilimwosha mimi mwenyewe, na maji ya kumwoshea yalikuwa ya lambo hilohilo, hatukuwa na mengine. Sijaona msiba ulioniuma kama ule, na baba na mama yangu nimewazika.

Kiwanda hakikujengwa. Wale wageni walichimba, wakapima, wakagombana na wenzao huko walikotoka, wakaondoka na mitambo. Saruji hatukuona hata mfuko. Walituachia shimo na waya, na waya watu wakaukata wakajengea mabanda ya kuku. Nyasi hazikurudi kwa sababu udongo wa juu ulishakwanguliwa wote.

Miaka michache baadaye ikaja kampuni nyingine kutaka kilima kilekile, na ikabidi tathmini ifanywe upya. Safari hii alikuja dada mmoja kijana, Naila, akiwa na wenzake wawili na gari lao wenyewe. Hawakufuatana na mgambo wala mtendaji. Alikuwa na adabu, alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Kwanza kabisa walikwenda kwa Mhoja, maana jina lake walilikuta katika mafaili ya zamani. Mhoja alinipigia kelele nivuke, nimsaidie Kiswahili. Sijui kwa nini, Kiswahili alikijua.

"Babu, una ng'ombe wangapi?"

"Sina."

Wale wenzake wawili walitazamana wakitabasamu. Naila akamwambia kwa upole kwamba wao si watu wa kodi, kodi ile imeshafutwa, asiogope. Mhoja aliinuka, akawapeleka zizini, akaondoa miti ya mlangoni. Ndani palikuwa pameota mchicha mnene juu ya samadi ya zamani. Walisimama wakaangalia. Mmoja wao akauliza kama hakuna zizi jingine.

"Wako wapi, babu? Tukijua ndipo tutakapoweza kuwatetea."

"Walikufa. Wengine wako Rukwa na wanangu. Sijui kama wapo."

"Lingeka je? Kimali? Humu imeandikwa mna kawaida ya kuwapeleka huko."

Mhoja akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa yamelowa, na huyo ni mtu ambaye sikumwona akilia hata siku tulipomzika mkewe.

"Waambie wewe, Felisita."

Niliwaambia. Nilisema mzee huyu hana hata ndama, hana mke, hana watoto karibu, na anakula kwangu. Nilisema nimeishi ng'ambo ya ua huu tangu nilipoolewa na nakijua kila kilichomo zizini humo. Naila alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono.

"Ninakuelewa, mama. Majirani wema ndio huwa wanafichiana."

Akaandika kidogo, akatuaga, wakaenda kuuliza mji wa pili.