Samaki wa Karatasi ya Simenti

Iko siku moja, mwanangu wa ubatizo, ambayo nikifumba macho naiona yote, hata doa la siki kwenye kitambaa cha meza. Jumapili, baada ya misa, uliniuliza kama ni vizuri kuwapeleka wazazi wa mchumba wako kwenye ile hoteli mpya, wakale samaki na viazi vya kukaanga vya bei kubwa, ili wakuone mtu. Sikukujibu. Unajua mimi si msemaji, na shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nimeona nikuandikie, polepole.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilifanya kazi kwenye karakana ya mgodi, nikipaka grisi mashine. Kila siku saa ya mapumziko nilikwenda kula kwa mama mmoja karibu na stesheni ya treni. Alikuwa na karai moja na mbabula mbili, majiko ya makaa. Alikata samaki aina ya tomsoni vipande vinene, akavitia chumvi na unga kidogo, akavikaanga mpaka mifupa midogo ikawa ya kutafunika. Friti zake, yaani viazi vya kukaanga, alizikata kubwa, nyingine na maganda yake, akaweka kitunguu cha siki na pilipili juu, akafunga vyote kwenye karatasi ya mfuko wa simenti aliyoikung'uta vizuri. Vidole vilichomeka. Hatukungoja vipoe.

Mama huyo alikuwa na binti, Ngalula, aliyemenya viazi kando yake. Nilikula pale miezi mingi bila kusema naye neno zaidi ya "asante". Mwisho ni yeye aliyeniuliza, "Weye, Ilunga, unakujaka kwa sababu ya samaki ao ya nani?" Nikacheka, na mambo yakaanza.

Watu wao walitoka Kasai. Babu yake aliletwa kufanya kazi mgodini, na baba yake, tata Kabeya, alizaliwa hapa hapa na akawa fundi wa umeme. Mimi wazazi wangu ni wa Katanga ya kaskazini. Siku hizo tulianza kusikia kwenye mikutano na kwenye bia kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Mimi niliona ni maneno tu.

Kwao, kama kwetu, mwanaume hali chakula mbele ya mama mkwe wake mpaka atoe zawadi ya kuondoa haya. Kwa hiyo nilipotaka kujitambulisha nilimwalika baba na binti tu, na mama akabaki na karai lake. Nikawapeleka kwenye restora ya mjini walikokula wakubwa wa kazi na Wazungu. Nilijinyima muda mrefu kwa ajili ya siku hiyo. Niliazima hata viatu.

Sitamtukana yule samaki, mwanangu. Alikuwa kapitene, nyama nyeupe, kipande cha limau pembeni, mayonezi kwenye kibakuli cha kioo. Friti zilikuwa nyembamba, zimepangwa kama vijiti, na zilifika zimepoa, maana jiko lilikuwa mbali. Lakini ukweli ni kwamba sikumwonja vizuri. Macho yangu yote yalikuwa kwenye uma, nisije nikaushika vibaya.

Hapo bosi wangu wa karakana, aliyeketi meza ya pili, akaniona.

"Eh, Ilunga," akasema kwa sauti, "leo iko namna gani? Si weye njo unakulaka samaki ya ule mama wa stesheni, mu karatasi ya simenti?"

Wenzake wakacheka. Wala hakuwa mbaya, alinitania tu. Ningecheka nami yangekwisha. Lakini nilisikia masikio yanawaka, nikasema, "Hapana, shefu. Ile ni chakula ya batu ba kubeba mifuko. Mi sikulake kule."

Tata Kabeya aliweka uma chini taratibu. Ngalula aliangalia kitambaa cha meza, pale penye doa. Baba akamaliza sahani yake kwa heshima, akashukuru.

Njiani, Ngalula akiwa ametangulia, tata Kabeya aliniuliza, "Samaki ya leo ilikuwa mzuri kupita ya bibi yangu, mama ya Ngalula?"

"Ndiyo, tata."

"Ungesema hapana, ningekuamini." Akaongeza, "Unaona haya ya samaki, mwanangu. Kesho batu batakuja ku mulango yako kuuliza bibi yako anatoka wapi. Utabajibu nini?"

Nilitafuta jibu mpaka tukafika kwake. Akanipa mkono. "Acha kwanza," akasema. "Musichana atabaki kwetu."

Hazikupita wiki nyingi, maneno ya mikutanoni yakawa mawe. Kazini mashine zilikuwa zinasimama moja moja kwa kukosa vipuri, mishahara ikachelewa, na watu wenye njaa walitafutiwa wa kumchukia. Familia za Kasai zilitolewa kwenye nyumba zao, zikaenda kungoja treni stesheni. Walilala chini ya maturubai, kati ya magodoro na cherehani, na treni haikuja. Watoto waliugua. Nilisikia tata Kabeya na watu wake wako kule. Mwanangu, nilikaa nyumbani siku nyingi, nikijiambia nitakwenda kesho. Sikuogopa mawe kama nilivyoogopa uso wa yule mama. Na nilijua treni ikifika kabla yangu, sitamwona Ngalula tena.

Nikaenda saa sita mchana, watu wote wanaona. Mama alikuwa pale pale na karai lake, akiwakaangia wenzake walichopata. Samaki walikuwa wadogo sasa, na kwa friti alikuwa na viazi vitamu. Upande wa pili wa barabara walisimama vijana wa kwetu wenye fimbo, wakizuia mtu yeyote asinunue kwa watu wa Kasai. Mmoja wao alikuwa Ngoy, rafiki yangu wa karakana.

Nilivuka.

"Ilunga," akaita Ngoy, "umekosa fasi ya kula? Mama yako akisikia, atasema nini?"

Wenzake wakapiga miluzi. Nilifika mbele ya karai, na mama akaniangalia kama anavyomwangalia mtu asiyemjua. Tata Kabeya alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, Ngalula amesimama nyuma yake. Sauti yangu ni ndogo tangu utotoni, lakini siku hiyo niliitoa yote niliyokuwa nayo.

"Mama, mi nakulaka hapa tangu zamani. Ku restora nilisema bongo, uongo mutupu, mbele ya tata. Hakuna samaki nilikula yenye kupita hii. Nipe."

Ngoy alisema kitu, nikamgeukia. "Na weye ulikuwa unakula hapa, Ngoy. Ulikuwa unaomba kitunguu mara mbili." Mmoja wa vijana akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, kwa maana Ngoy alishusha fimbo, akatazama pembeni.

Mama akachagua kipande, akakifunga kwenye karatasi ya simenti, akanipa kwa mikono miwili. Nikakifungua, njaa na hofu pamoja, nikataka kukiuma pale pale mbele yake, kama zamani.

"Geuka," akasema.

Sikuelewa.

"Geuka kule, ndipo ukule. Mukwe hakulake mbele ya mama mukwe wake."

Nikageuka. Nilikula samaki yule nikiwa nimempa mgongo, naangalia reli, na machozi yalitia chumvi ambayo haikuhitajika. Nyuma yangu nilimsikia tata Kabeya akicheka kidogo, mara ya kwanza, nafikiri, tangu atoke nyumbani kwake. Kisha akamwuliza binti yake anataka nini. Ngalula akajibu, "Nabaki naye. Lakini akinikana mbele ya batu, nitafwata reli na miguu yangu mpaka Kasai."

Padri wa parokia yetu alitubariki pale pale, kati ya mizigo. Siku nne baadaye treni ilikuja. Tuliwasukumia magodoro dirishani. Miezi ikapita bila habari, na kila usiku Ngalula aliomba. Watu walikuja kweli mlangoni kuuliza bibi yangu ni wa wapi. Nikawaambia, "Wa Kasai, na wa hapa, na wangu. Ingieni mukule." Hawakuingia, na hawakurudi. Halafu barua ikafika kwa mkono wa dereva. Wamefika wote, hakuna aliyefia njiani, na mama anauliza kama binti yake bado anakata friti nyembamba sana. Tulikaa chini sakafuni tukacheka mpaka jirani akaja kuangalia. Sijawahi kulala kama nilivyolala usiku ule.

Mama mkwe alirudi kututembelea baada ya miaka, mambo yalipotulia. Nilimpa mbuzi wa kuondoa haya, na tukala pamoja, uso kwa uso, tomsoni na friti. Ngalula ndiye huyo mnayemwita Mama Rose, na karai la mama yake unalijua, kwa sababu umekula kutoka ndani yake.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Hoteli si dhambi, na kapitene ni samaki mzuri. Lakini wapeleke wakwe zako mahali ambapo utatafuna bila kuangalia nani anakuangalia. Na popote utakapoulizwa ulikula wapi, na nani alikulisha, jibu upesi, kwa sauti, hata kama wanacheka. Ukikana kitu kidogo kwa sababu ya haya, aliye pembeni yako anahesabu kwamba naye siku moja atakanwa. Mimi nilisamehewa. Wengine treni iliwahi kabla hawajaomba msamaha.

Mungu akupe wakwe wenye mioyo mikubwa. Akupe nyumba ambayo hakuna atakayekutoa. Na siku mama mkwe wako atakapokuambia geuka, uwe na chakula cha moto mkononi, na moyo mwepesi kama wangu siku ile.